Gololi Imepanda, Oksijeni Haimo

"Fundi, mashine yaenda, lakini mtoto hapandi."

Ilikuwa saa nane za usiku, mwezi wa tatu, kaskazi imekufa na kusi haijaja, joto la kukaba. Sista wa zamu hakusema mashine imeharibika. Angesema hivyo ningejua nibebe fyuzi, waya au kompresa, na ningekwenda na moyo mtulivu kidogo, maana kilichokufa kinajulikana kimekufa. Yeye alisema yaenda. Miaka imepita na bado neno hilo huniamsha usiku.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Nilizaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, nikasomea uhandisi wa tiba katika chuo cha tiba cha KMTC, Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya Malindi na katika vituo vidogo vya upande wa Mambrui na Gongoni. Hospitali ya usiku ule siitaji jina. Wodi yenyewe, ya watoto wachanga walio mahututi, sote twaiita nasari: chumba kimoja chenye joto la makusudi, vitanda vidogo vilivyobanana, na waya nyingi kuliko soketi.

Mtoto alikuwa wa kiume, wa siku moja, gramu 1,150. Mama yake alitoka Kakuyuni. Mrija ulikuwa puani, unatoka kwenye konsentreta ya oksijeni, na konsentreta ikinguruma vile ingurumavyo siku zote. Taa ya kijani inawaka. Gololi iliyomo ndani ya kioo cha kupimia imekaa kwenye lita 2. Ukiuweka mrija shavuni unahisi hewa ikikupuliza. Na oksimita, kifaa kinachosoma asilimia ya oksijeni damuni, mguuni mwa mtoto inasema 83, 82, 84. Sisi tulitaka 90 hadi 95.

Usiku ule aliyetiliwa shaka kwanza ndiye aliyekuwa msema kweli. Ile oksimita ilikuwa na sifa mbaya. Sensa yake ya watoto wachanga, ile sehemu ifungwayo mguuni kusoma damu, ilikatika waya miezi miwili nyuma, tukaifunga kwa plasta. Ilipokufa kabisa tukaweka ya watu wazima, ile ya kubana kidole, tukawa tunaifunga unyayoni kwa utepe. Wiki hiyohiyo ilikuwa imesema 70 kwa mtoto mwenye midomo myekundu, ananyonya vizuri. Basi ilipoanza kusema 84, sista, ambaye ana miaka mingi nasari kuliko mimi karakana, alifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Alibadilisha mguu. Akaifunga upya. Akaifunika kwa nguo mwanga wa taa usiingie. Akaongeza gololi kutoka lita 1 hadi 2. Saa nzima ikapotea hapo, na simlaumu hata chembe, kwa sababu nami nilipofika nilianza palepale. Nikaivua, nikaibana kidoleni mwangu: 98. Nikaibana kidoleni mwa sista: 97. Tukatazamana.

Kipimo cha oksijeni itokayo kwenye mashine, kidude cha kushika mkononi, kilikuwa karakana ndani ya kisanduku chake, kwa sababu ratiba ilisema kitumike kila baada ya miezi sita mashine inapofanyiwa huduma. Nikakimbia, nikafungua kufuli, nikarudi, nikakichomeka kwenye mrija. Hewa ya kawaida, hii tuivutayo wewe na mimi, ina oksijeni asilimia 21. Konsentreta nzima hutoa kama asilimia 93. Nambari ikapanda, ikasita, ikasimama kwenye 47.

Tukamhamishia kwenye mtungi wa oksijeni. Kwa dakika chache akafika 91. Nyanya yake alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, leso imemteleza mabegani, akaniuliza, "Mwanangu, imetengenea?" Nikamwambia, "Imetengenea, nyanya."

Mtoto alifariki siku ya tatu, alasiri. Mapafu yalikuwa hayajakomaa, na maambukizi yalikuwa yameingia damuni; daktari alieleza hivyo na naamini ni kweli. Siwezi kusema mashine ilimuua. Siwezi pia kusema kwamba saa alizovuta nusu ya alichoandikiwa hazikumdhuru. Nimeyabeba yote mawili tangu siku ile.

Nieleze mashine hii inavyofanya kazi, kwa sababu bila kuijua huwezi kuona inavyodanganya. Konsentreta haiumbi oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja vumbi, kisha kompresa inaikandamiza na kuisukuma ndani ya mikebe miwili iliyojaa punje za zeolaiti. Punje hizo hushika nitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mkebe mmoja ukishiba, valvu inageuza njia: hewa inaingia wa pili, na wa kwanza unatapika nitrojeni yake nje. Ndiyo ile pumzi inayosikika kila baada ya sekunde chache. Adui mkubwa wa zeolaiti ni unyevu. Ikishalowa, haishiki tena nitrojeni kama mwanzo, na nje hakibadiliki kitu. Mngurumo ni uleule, pumzi ni ileile, gololi inapanda vilevile. Gololi haijui oksijeni. Inajua kuna hewa inapita.

Sasa iweke mashine hiyo Malindi. Bahari iko karibu, na ukielekea Gongoni kuna mashamba ya chumvi yanayokaushwa kwa jua; chumvi hiyohiyo tunaivuta puani. Skrubu hushika kutu kabla ya mwaka, vichwa vya waya za shaba huota ukijani, sisimizi hujenga ndani ya bodi kwa sababu mna joto zuri. Msimu wa kusi, mvua za mwezi wa nne na wa tano zikianza, nguo hazikauki kwenye kamba, na mashine inaivuta hewa hiyohiyo mchana na usiku. Saa iliyokuwa kwenye konsentreta ya usiku ule ilikuwa imepita 20,000. Mwaka mzima una saa 8,760. Fanya hesabu uone ilikuwa imekesha kwa muda gani. Vichungi vyake vilitakiwa kuoshwa kila wiki, ila hakuna mtu aliyekuwa amepangiwa kazi hiyo kwa jina. Kengele za onyo mtengenezaji alikuwa ameweka mbili: moja ya stima kukatika, nyingine ya shinikizo kushuka. Ya oksijeni kupungua hakuweka. Aina nyingine za konsentreta zinayo, zile za bei ya juu kidogo, na siku hizi nikiulizwa inunuliwe ipi hilo ndilo swali langu la kwanza.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashua. Alipomaliza kutia kalafati, pamba imeshindiliwa kati ya mbao kwa patasi na nyundo, hakuwa akisimama kuitazama pamba. Aliteka maji, akayamwaga ndani ya mashua ikiwa bado juu ya magogo, kisha akapita chini yake akiwa ameinama, polepole, anatafuta tone. "Pamba yapendeza macho," alikuwa akisema, "maji ndiyo yasemayo." Elimu hiyo nilikuwa nayo tangu sijaota ndevu, na bado miaka yote ile nilikuwa napita nasari asubuhi, naona taa ya kijani, natia alama ya vema kwenye daftari, naondoka.

Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi zenye uwezo mdogo, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Hesabu hiyo hutajwa sana kwenye semina zetu, na watu hutikisa vichwa. Mimi pia hunisikitisha. Lakini kifaa kilichoandikwa kibovu hakiwekwi kwenye mtoto. Kinakaa korido, kinawekewa maboksi juu yake. Konsentreta yangu ya asilimia 47, lau wangepita hesabu ile siku moja kabla, ingeandikwa nzima. Hofu yangu iko kwa hizo nzima.

Nilichofanya kwanza ni kukihamisha kisanduku. Kipimo kilitoka karakana kikaenda kukaa nasari, kimefungwa kwa kamba kwenye meza ya sista. Daftari la zamani lilikuwa na safu iliyoandikwa "inafanya kazi", na humo watu wakitia vema. Nikaifuta. Safu mpya inataka nambari. Huwezi kuandika nambari bila kupima, na ukiandika nambari kila asubuhi mashine inaanza kujieleza yenyewe: 94, 94, 93, 91, 90, 88. Inakwambia wiki kadhaa kabla kwamba inachoka. Ikifika chini ya 85, inatoka wodini siku hiyohiyo, hata kama taa yake inawaka kijani kama embe bichi.

Haikupokelewa kwa shangwe. Sista mmoja, wauguzi wakiwa wawili na watoto kumi na saba, aliniambia, "Fundi, huu mzigo ni wako, waniongezea mimi?" Alikuwa na haki. Kwa wiki tatu nikawa nakwenda mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajapokezana zamu, napima na kuandika. Asubuhi ya kwanza tulikuwa na konsentreta nne. Mbili tu zilipita 85. Yule sista aliusoma ukurasa ule, akaukalia kimya, na kesho yake nikakuta keshapima kabla sijafika.

Jambo la sensa ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na bado nadhani ni zito kuliko la konsentreta. Kifaa kikidanganya hakikuharibii kazi yake peke yake. Kinaharibu hata vilivyo vizima, kwa sababu muuguzi anajifunza kutokuamini. Anajifunza kuzima sauti ya kengele kwa sababu mara tisa katika kumi inalia bure. Anajifunza kusema "hiyo ni sensa tu." Na mara ya kumi ni mtoto. Huwezi kumtaka mtu aliyekesha na mashine za uongo mwezi mzima aziamini kwa ghafla siku inayohitajika.

Na sensa ndiyo inayokufa kwanza kuliko kitu kingine chochote. Oksimita yenyewe itaishi miaka kumi. Waya wa sensa unavutwa, unakanyagwa na kiti, unapanguswa kwa dawa kila siku, unafungwa na kufunguliwa kwenye mguu mwembamba kama kidole changu. Miezi michache kwisha. Mashine inanunuliwa ikiwa na sensa moja. Ya kuletwa kama msaada nayo inakuja na kichwa chake ambacho hakiingii kwenye mashine jirani. Mara nyingi nimeona oksimita tatu nzima zimepangwa kabatini kwa kukosa waya wa urefu wa mkono. Sasa kwenye kila ombi la kununua naandika sensa za watoto wachanga kabla ya kuandika mashine, na bila hizo sitii sahihi.

Sensa iliyodanganya sirudishi droo. Naikata waya kwa mkasi palepale, mbele ya wauguzi. Mwanzoni waliona naharibu mali. Lakini usipoikata, usiku wa manane mtu aliyekosa nyingine ataitoa droo, ataifunga kwa plasta, na tutarudi tulikotoka.

Stima nayo. Sisi wa Pwani tunaijua tabia yake, hasa jioni ya jua kali kila nyumba inapowasha feni. Hukatika, hurudi, hupanda kupita kiasi halafu hushuka, na ile kupanda na kushuka ndiko kunakoua bodi kuliko kiza chenyewe. Stebilaiza kwa kila mashine inayomshika mtoto si anasa. Kuna mashine za msaada nilizozikuta zimeandikwa volti 110, za kutoka Marekani, mtu akazichomeka kwenye 240 yetu. Hizo hazikupata hata siku moja ya kazi.

Jambo lingine lilikuwa limejificha kwenye jenereta. Tulijisifu kwamba jenereta yetu inawaka upesi. Kweli iliwaka upesi. Lakini konsentreta ikizimika na kuwaka tena haianzi na asilimia 93. Inahitaji dakika kadhaa mpaka mikebe yake ijipange. Kwa hiyo kila stima ilipokatika na kurudi, watoto walikaa dakika hizo wakivuta hewa dhaifu, na sisi tukiona taa zimewaka tukashusha pumzi. Tena konsentreta moja ya lita 5, kwa kuwa mtoto mchanga anahitaji nusu lita au lita moja tu, hugawanywa kwa watoto wanne, hata watano. Ni jambo zuri, nalikubali, limeokoa wengi. Ila mashine hiyo ikiyumba, wanayumba watano kwa pamoja, na sista ana mikono miwili.

Tiba yake ilikuwa mtungi mdogo wa kusimama karibu, umefunguliwa kifuniko, spana imening'inizwa shingoni mwake kwa kamba. Mtungi wa lita 680 kwa nusu lita ya dakika unamtosha mtoto mmoja saa 22 na zaidi. Kwa watoto watano wanaovuta nusu lita kila mmoja, saa nne na nusu. Hesabu hiyo nimeibandika ukutani kwa maandishi makubwa. Spana ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mara mbili niliukuta mtungi umejaa na spana haipo, imeazimwa wodi nyingine. Mtungi uliojaa usiofunguka ni chuma tu.

Halafu likatokea ambalo sikulitazamia. Tulibadilisha zeolaiti, tukapata konsentreta mbili mpya, nambari asubuhi zikawa 93, 94. Nilifurahi sana. Baada ya majuma kadhaa daktari wa watoto akaniita akanionyesha chati: 99, 100, 99, 100. Mikono ya wauguzi ilikuwa imezoea mashine dhaifu. Kwa mwaka mzima walikuwa wakiongeza gololi mpaka mtoto aonekane sawa, na sasa gololi ileile ilikuwa inapitisha oksijeni maradufu. Mashine nilizitengeneza, mazoea yaliyozaliwa na ubovu wake sikuyagusa.

Na oksijeni nyingi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni sumu ya macho. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston alieleza upofu mpya kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na haukueleweka hadi miaka ya 1950, ilipobainika kwamba oksijeni isiyo na kipimo ndani ya inkubeta ndiyo iliyokuwa ikivuruga mishipa ya damu nyuma ya jicho. Watoto wapatao 10,000 walikuwa wamekwisha kupofuka. Walipofushwa kwenye hospitali tajiri, na watu waliowapenda, kwa mashine zinazofanya kazi vizuri kabisa. Tangu hapo nikitengeneza kitu siondoki bila kukaa na zamu mbili, ya mchana na ya usiku, niwaambie: hii sasa ina nguvu kuliko mlivyoizoea, shusheni, tazameni nambari.

Udanganyifu wa namna hii nimeukuta kwingine pia. Taa za buluu za kutibu manjano: mirija yake huendelea kung'aa vizuri machoni hali mwanga unaotibu umekwisha kupungua, na huwezi kujua bila kipimo cha mwanga au bila kuhesabu saa zilizowaka. Kitanda cha joto: kisensa kinachobandikwa tumboni kikibanduka, kinapima hewa badala ya ngozi, mashine inadhani mtoto anapoa, inazidisha moto. Ambu, ule mpira wa kubonyeza kumpulizia mtoto asiyelia: kwenye zahanati moja upande wa kaskazini mwa Mto Sabaki niliukuta umeoshwa, umekauka, umepangwa vizuri kwenye trei ya kuzalishia, na ile valvu nyembamba ya ndani imesahaulika kwenye beseni. Ungebonyezwa, ungebonyea, na kifua cha mtoto kisingeinuka. Dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa haina nafasi ya kutafuta valvu. Ziba mdomo wa ambu kwa kiganja, bonyeza, usikie ukikataa. Ni sekunde tatu. Mkunga wa pale sasa hufanya hivyo kila anapoingia zamu, na mara nyingine hunipigia simu kunieleza tu kwamba amefanya.

Watu hudhani fundi anapenda mashine. Mimi napenda zisizoficha. Ndiyo maana nina heshima kubwa kwa kifua cha mama. Mwaka 1978, huko Bogotá, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi na inkubeta chache, akawarudisha watoto kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wima kifuani. Tunaita malezi ya kangaruu. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2022 linashauri yaanze mara tu baada ya kuzaliwa hata kwa walio wadogo, pasipo kusubiri kwanza watulie kwenye inkubeta. Malezi hayo hayana plagi, hayangoji jenereta, na mtoto akipoa mama anahisi yeye mwenyewe. Siku tulipopata viti vya kuegemea vya akina mama, nilivihesabu kwenye orodha yangu ya vifaa tiba, na mhasibu akaniuliza kwa nini. Nikamweleza. Akaviacha.

Na kuna sipapu ya mapovu, ambayo nikiambiwa nichague mashine moja tu ya kuokoa nitachagua hiyo. Wazo la kuyashikilia mapafu ya mtoto yasiporomoke kwa shinikizo la hewa lilichapishwa na George Gregory na wenzake wa San Francisco mwaka 1971. Ya mapovu ni nyepesi kuliko zote: hewa iliyochanganywa na oksijeni inaingia puani, na upande wa pili wa mrija unazamishwa ndani ya chupa ya maji. Ukizama sentimita 5, shinikizo ni sentimita 5 za maji. Ukizama 6, ni 6. Rula ndiyo kipimo. Na inasema. Mapovu yanachemka kama uji jikoni, na yakinyamaza kuna kitu: mrija umechomoka puani, kiungo kimeachia, mtoto kafungua mdomo. Ina hila zake. Maji ya mvuke yakijikusanya ndani ya mrija wa kutolea, shinikizo hupanda bila wewe kujua, lazima yamwagwe. Lakini ikishindwa kupeleka hewa, hainyamazii jambo hilo. Inanyamaza yenyewe, ukasikia.

Tulipoipata nilikaa na akina mama, siyo na wauguzi peke yao. Nikawaambia wasikilize. Baadhi ya wenzangu waliona si sawa kumbebesha mama kazi hiyo, na ninaielewa hoja yao. Mama aliyejifungua juzi ana yake yanayomtosha, na nasari haipaswi kuendeshwa kwa masikio yake. Lakini yeye ndiye pekee asiyetoka pale, na anataka kuambiwa la kufanya.

Kulikuwa na mama wa Mambrui, mwanawe wa kike gramu 1,300. Usiku wa nne, wauguzi wote wawili wako kwenye kitanda cha mwisho na mtoto aliyeacha kupumua, yeye akaamka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, yangu imenyamaza." Hakuna kengele iliyokuwa imelia. Oksimita bado ilikuwa inasema 92. Nambari huchelewa kuliko mapovu. Sista akageuka, akaona kiungo cha mrija kimeachia nyuma ya kitanda, akakisukuma mahali pake. Yakaanza tena.

Mimi sikuwepo. Nilisoma asubuhi kwenye daftari, mstari mmoja: saa tisa na robo, mapovu yalisimama, mama aliarifu, kiungo. Nikaenda kukibadilisha kile kiungo, kilikuwa na ufa usioonekana mpaka ukikunje.

Waliruhusiwa baada ya wiki sita, mtoto ana gramu 1,950. Mama alipita karakana kuaga, mtoto amefungwa kifuani ndani ya leso, kichwa tu kinaonekana. Aliniambia nyumbani kwao ni kimya sana usiku, na kwamba hajui atalalaje bila kuyasikia.